Mwaka Tulioficha Uchovu wa Mtambo

Injinia Nekesa alinipigia simu akiwa ameshafika Lodwar, kwa sababu ananijua. Angeniambia mapema kwamba kuna jambo la kunitoa nje ya lango, ningeshikwa na malaria ya ghafla. “Kufuli,” akasema, na hilo ndilo jina ambalo mji huu ulinipa nikiwa kijana na haujaona sababu ya kulibadilisha, “wanamwondoa Mzee leo. Vaa viatu utoke.” Nikamwuliza Mzee yupi, nikijifanya mtu mwenye shughuli nyingi, ilhali nilikuwa nimesimama jikoni tangu asubuhi na mwiko mkononi, nikitazama mkono wa kreni ukipanda na kushuka nyuma ya ukuta wa kituo cha stima. Mzee ni mtambo. Ni jenereta ya dizeli, kubwa kama nyumba ya mwalimu mkuu, iliyoulisha mji huu stima tangu siku ambazo mimi nilikuwa natembea bila suruali. Wenzake waliondolewa zamani, kituo kipya kilipojengwa kule nyuma na paneli za sola zikatandazwa uwanjani kama anga lililoshuka kupumzika. Yeye peke yake aliachwa pale kwa akiba. Sasa hata akiba haimhitaji. Nilivaa viatu. Sikusema vilikuwa jozi moja, lakini nilivaa.

Kabla ya hapo, nikiwa natafuta kiatu cha pili chini ya kitanda, mwaka ule wote Injinia alipokuja mara ya kwanza ulinirudia, nikakaa sakafuni kuungoja upite. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mama yangu alizieleza kwa majirani kwa neno moja, “Amemaliza.” Wenzangu walienda Eldoret, walienda Nairobi, mmoja alifika mpaka Mombasa akatuma picha akiwa amesimama mbele ya duka la viatu. Mimi nilipata kazi ya kupika na kutunza nyumba ya wageni iliyopakana ukuta na kituo cha stima, hatua chache kutoka nilipozaliwa, na nikaona safari yangu imetosha. “Umesoma mpaka kidato cha nne uje kulinda sufuria?” watu waliniuliza. Nikawajibu kwamba sufuria pia zina haki ya mlinzi msomi. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vya mabati vilivyofuatana kama mabehewa, na sebule yenye meza ndefu na kabati la vyombo. Kwa sababu ya Mzee, kila kitu ndani kilitetemeka kidogo. Glasi zilitembea. Kila asubuhi nilizikuta zimesogea mpaka ukingoni mwa rafu, nikazirudisha ukutani, na kesho yake zimeanza safari tena. Katika nyumba ile, glasi zilitembea zaidi yangu. Wageni walilalamika kelele. Mimi mngurumo ule ulinilaza kama mtoto aliyebebwa mgongoni, na Mzee alipozimika ndipo nilipoamka, nikajiuliza nani amekufa.

Injinia Nekesa alishuka kutoka basi la Kitale akiwa na rangi moja na barabara, vumbi kutoka nywele mpaka viatu, na sanduku la nyaya ambalo hakumruhusu mtu kumbebea. Mimi sikuomba kumbebea, kwa hiyo tuliafikiana mara moja. Alikuwa mwanamke wa Bungoma, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng’ambo ya mto, na alikula. Nimepikia wahandisi wengi waliokuja na biskuti zao wakitazama mchuzi wangu kama kesi ya mahakama. Huyu alimaliza mbavu za mbuzi, akanyonya kichwa cha samaki wa ziwani mpaka kikabaki kama kitana, kisha akauliza kama jikoni kumebaki kitu cha kusindikiza chai. Siku ile ile nilianza kumheshimu, na bado sijaona sababu ya kuacha.

Kazi iliyomleta aliieleza mezani, akitumia vyombo vyangu. Kituo kilikuwa kimezeeka. Mitambo miwili ilikuwa migonjwa kabisa, na Mzee ndiye aliyebeba mji. Kampuni ya ushauri iliyomwajiri ilikuwa imepewa kazi ya kupanga kituo kipya: mitambo ipi ing’olewe, ipi itengenezwe, sola iwe kiasi gani, betri kiasi gani, dizeli ibaki kiasi gani kwa siku ambazo jua halitoshi. “Jua lisitoshe hapa?” nikamwuliza, nikajipangusa shingo. “Usiku, Ewoi,” akanijibu kwa jina langu la kuzaliwa, maana la Kufuli alikuwa hajalisikia. “Usiku halitoshi.” Aliweka birika katikati ya meza na vikombe vikalizunguka. Birika ni kituo, vikombe ni mji. “Shida yangu ni kujua vikombe hivi vinataka chai ya birika gani. Nikipanga birika dogo, watajenga dogo, na litakaa hapo mpaka wewe uwe babu. Hakuna mtu atakayerudi kesho kulikuza.” Rekodi za zamani za kituo hazikumsaidia, kwa sababu kituo kiliandika stima kiliyotoa, si stima ambayo watu waliitaka. Kwa hiyo alifunga vipimo vyake kwenye nyaya zinazotoka kituoni, na kompyuta yake ikawa inachora mstari unaopanda mji unapotumia stima nyingi na kushuka unapotumia kidogo.

Ukuta wa mabati hauna siri. Nikiwa nachambua mchele kibarazani nilimsikia akiongea na mkubwa wake wa Nairobi kwa simu, ile simu ya kutafuta mtandao, ambayo mtu huongea amesimama kwa mguu mmoja kwenye kona moja tu ya chumba. “Ndiyo, mkuu. Mstari uko chini. Hapana, mkuu, nimeangalia nyaya, ziko sawa. Najua ni habari njema kwa bajeti. Nasema tu siuamini.” Sakafu ikagongwa, akibadilisha mguu. “Siwezi kukuambia kwa nini. Huu ni mji, una friza za samaki, una hospitali, una vinyozi, una makanisa yenye vipaza sauti, halafu jioni unakula stima kama kijiji cha nyumba kumi.” Sakafu ikagongwa tena. “Nimeelewa. Nikishindwa kuonyesha kitu kingine mpaka kikao cha mwisho wa mwezi, nitaandika dogo.” Akatoka nje, akaketi karibu nami, akaanza kuchambua mchele bila kuambiwa. Alikuwa anatupa mchele mzuri na kubakiza mawe, lakini sikumwambia kitu.

Sasa inabidi nimlete Mzee Lokwawi, ambaye hakuwa mtambo ila watu wachache sana waliweza kuwatofautisha. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa zamu ya mchana na, kwa matakwa yake mwenyewe, ya zamu nyingine pia. Sisi vijana tulimwita apa, kama tunavyowaita baba zetu. Alimpenda yule mtambo kama mwanamume wa kwetu anavyompenda fahali wake, yule mmoja wa kuimbiwa, anayekatwa masikio kwa mtindo na kufungwa kengele. Na nawaapia alikuwa akimwimbia. Alikuwa na wimbo wa kuwasha na wimbo wa kuongeza mafuta. Mji mzima uliambukizwa mapenzi yale, na hapo ndipo ilipozaliwa desturi ambayo hatukujua ni desturi. Jioni, watu wote wakiwa nyumbani na taa zimewashwa, mngurumo wa Mzee ulibadilika, ukawa mzito, kama mtu anayepanda kilima na gunia. Hapo bila mtu kusema neno, Lodwar ilianza kuzima. Mama anachomoa pasi. Kinyozi anamwambia mteja asubiri. Wenye friza wanazima friza na kuzifunika magunia. “Mpumzisheni Mzee,” watu waliambiana, na mngurumo ukatulia. Hatukumweleza Injinia. Nani humweleza mgeni kwamba watu hapa wanaingia ndani jua likiwaka?

Na juu ya hilo, kulikuwa na neno la Mzee Lokwawi. Alipoona mwanamke aliyetumwa na Nairobi amemfunga fahali wake nyaya kila mahali kama mgonjwa wa moyo, alizunguka mji kwa miguu. Alikuja mpaka mlangoni kwangu. “Ejoka, Kufuli?” akanijulia hali. “Ejok, apa.” “Mgeni yako iko?” “Ameenda benki.” Akainamisha kichwa. “Sasa sikia. Hiyo mama anapima Mzee. Akiona imechoka, ataandika imechoka, halafu wataleta kamba na kuvuta hiyo mashine kama punda imekufa. Kwa hivyo hii wiki watu yote wapunguze. Isionekane inahema.” Akaangalia jiko langu. “Wewe pasi yako tumia makaa.” Nilitumia makaa. Nilipiga pasi shuka za nyumba nzima kwa makaa, jasho likinitoka mpaka kwenye visigino, na nikaona fahari, kama mtu aliyechangia harambee. Kote mjini ilikuwa hivyo. Tulikuwa tunamsaidia mtahiniwa wetu kufaulu mtihani, na hatukuwa tunajua kwamba mtihani wenyewe ulikuwa ni wetu.

Kakuma iliingia kwa sababu mji ule pia una jenereta zilizozeeka, na mpango ulitakiwa kuzihusu sehemu zote mbili. Injinia alihitaji mtu wa kumtafsiria Kiturkana, akaniambia mimi ndiye. Nikamweleza juu ya mgongo wangu. Akaniambia gari lina viti. Nikamweleza juu ya sufuria. Akaniambia sufuria hazina miguu, zitakuwepo tukirudi. Mwishowe nilipanda pikapu ya kampuni nikiwa na mto wangu wa kulalia, chupa ya chai na kisu changu cha jikoni, na dereva akauliza kama tunahama. Nilikuwa sijawahi kwenda Kakuma, mwendo wa asubuhi moja tu. Nyinyi mnaocheka, mngekuwa na chumba kama kile changu mngenielewa.

Pale karibu na kambi ya wakimbizi, Injinia alipeleka vipimo vyake kwenye mtaa wa maduka ambao stima yake ilitoka kwa jenereta ya mfanyabiashara mmoja, nyaya zikipita juu ya miti iliyopinda kutoka duka hadi duka. Tuliketi kwa Mama Nyandeng, mkimbizi wa Sudan Kusini, mrefu mpaka alilazimika kuinama kuingia dukani kwake mwenyewe, aliyeuza soda na maziwa ya mgando na kupika asida, ugali laini wa kwao, na mchuzi wa bamia nyuma ya pazia. Bamia ile niliila nikiwa na wivu, kwa sababu yangu huwa inateleza. Jioni ilipokaribia, taa zikafifia, feni ikaanza kuzunguka kivivu. Mkono wangu ukaenda kwenye swichi ya ukutani kabla sijafikiri. Mama Nyandeng akaugonga kwa mwiko. “Ya akhui, ndugu yangu, wewe nafanya nini?” “Nazima, mama. Jenereta imechoka.” Akanitazama kama mtu aliyekuta mbuzi anafua nguo. “Mimi nalipa pesa ya baridi. Kama jenereta imechoka, huyo mwenyewe atafute ingine!” Akatoa kichwa nje ya mlango akapiga kelele, na mtaa mzima ukamwitikia. Kinyozi wa Kikongo akatoka na mashine yake mkononi, nyuma yake mteja mwenye nywele upande mmoja tu. “Patron! Stima iko wapi? Niko na kichwa ya mutu nusu!” Mwenye jenereta akaja mbio, akiapa na kuomba radhi. Hakuna mtu hata mmoja aliyezima kitu. Nilicheka na wao. Injinia hakucheka. Alikuwa amekazia macho mkono wangu, pale palipogongwa.

Njia nzima ya kurudi kompyuta ilikuwa magotini pake, akiupitia mstari wa Lodwar mara kwa mara. Tulipoingia Lodwar jua lilikuwa linatua. Hakumwambia dereva aende nyumbani. Alimwambia asimame sokoni, kwa Mama Akiru, mwanamke anayeuza soda na samaki wa kutoka Lowarengak, kule ziwani, mwenye friza mbili nyeupe ambazo alizipangusa kila siku kama madhabahu. “Nipe soda baridi,” Injinia akasema. Mama Akiru akampa soda. Ilikuwa ya moto kama uji wa mzazi. Akainywa yote, kwa heshima, bila kukunja uso, na tukaenda duka la pili, na la tatu. Kila mahali friza zilikuwa zimevikwa magunia. Tukarudi kwa Mama Akiru. “Friza imeharibika, mama?” “Hapana, imepumzika.” “Inapumzika saa ngapi?” “Saa ile Mzee anasikia uzito.” “Na nani anakuambia?” Mama Akiru akashangaa swali lile. Akaelekeza kidole sikioni. Injinia akanigeukia. “Ewoi. Mji mzima?” “Mji mzima,” nikasema. “Lakini wiki hii zaidi. Kwa ajili yako.”

Nilitegemea hasira. Ningekuwa mimi, ningepasuka. Wiki nzima ya vipimo imeharibika, mwezi unaisha, mkubwa anasubiri kuandika dogo. Yeye aliketi juu ya kreti ya soda katikati ya soko, akacheka mpaka Mama Akiru akamletea maji. “Mmenipikia mstari,” alisema. “Mji mzima umenipikia mstari mzuri kabisa.” Kisha akapangusa macho na kusema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo, kwa sauti ya chini, kama anayejisomea: “Watu wanaomwonea mtambo huruma namna hii, ukiwajengea birika dogo, hawatalalamika milele. Watazima tu.”

Kesho yake alinituma nimwite Mzee Lokwawi kwa chakula cha mchana. Nilipika mbuzi, kwa sababu nilidhani kutakuwa na vita na watu wasipigane wakiwa na njaa. Lokwawi alikuja amevaa koti. Alikula kidogo, macho kwenye glasi zilizokuwa zinatetemeka mezani. Injinia alimmiminia chai yeye mwenyewe. “Mzee Lokwawi, umri wa Mzee nimeujua siku ya kwanza. Umeandikwa ubavuni mwake. Sikuhitaji kumpima ili nijue amechoka.” Lokwawi akaweka kikombe chini. “Sasa ulikuwa unapima nini?” “Nyinyi. Nilikuwa napima nyinyi mnataka nini, na nyinyi mmesema hamtaki kitu.” Mzee Lokwawi akaishika glasi moja mpaka ikaacha kutetemeka. “Kama nikiacha wewe uone vile watu wanataka,” akasema, “si Mzee atakufa?” “Anaweza kufa,” Injinia akajibu. Hakumdanganya, na ninamwekea heshima kwa hilo pia. “Lakini tukimficha, atakufa tu, halafu hakutakuwa na kitu cha kushika mahali pake ila kidogo. Wale wawili wagonjwa nitaandika wang’olewe. Yeye nitaandika atengenezwe, abaki kando ya mitambo mipya kwa akiba. Awe anafanya kazi siku mbaya tu. Kama wazee wengine wanavyotakiwa kupumzishwa.” Lokwawi alimaliza nyama yote iliyobaki. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake.

Mzee asingeweza kulisha mji wote kwa mara moja, njaa ya kweli ikifunguliwa. Kwa hiyo Injinia alipanga alishe mtaa mmoja kila jioni, mitaa mingine ikizimwa kwa zamu, na kila mtaa utakapopata stima uitumie mpaka ushibe. Kisha angejumlisha, na kupunguza kidogo kwa sababu watu wote hawapigi pasi kwa wakati mmoja. Chifu alitangaza. Kanisani ilitangazwa. Na Mzee Lokwawi alizunguka tena kwa miguu, mlango hadi mlango, safari hii akisema maneno yaliyompasua moyo: “Washeni. Watu yote washeni. Msimhurumie.” Watu wa mtaa wa Napetet walianza, wakawasha kila kitu mpaka redio za marehemu. Nakwamekwi wakasikia Napetet wamepandisha mstari juu, wakaapa hawatashindwa, ikabidi Injinia aende kuwaeleza kwamba si mashindano, anataka kawaida yao, pasi wanayopiga kweli, si pasi ya kuonyesha. Kanamkemer walimwelewa vizuri zaidi. Wao walipika, wakanyoa, wakaimba, na vijana wao wakachaji simu zilizokufa mwaka uliopita.

Jioni ya mwisho ilikuwa ya soko. Magunia yaliondolewa, friza zote zikaanza pamoja, na Mzee akatoa sauti ambayo sijaisikia kabla wala baada. Kabati langu lilifunguka lenyewe. Glasi moja ilifika mwisho wa safari yake ikavunjika. Injinia alikuwa ameketi sebuleni mbele ya kompyuta, amekunja mikono. “Hii ni njaa ya kwanza,” aliniambia, “haihesabiki. Lazima friza zitulie. Mzee azidi kushika kidogo tu.” Nilitoka mpaka sokoni, mimi Kufuli, kwa miguu yangu, bila kusukumwa. Wanawake wote walikuwa wamesimama karibu na friza zao, vidole vikiwa hewani mbele ya swichi, wanasikiliza. Taa zikafifia. Mkono wa Mama Akiru ukaenda. Akaurudisha kwa mkono wa pili, akaushika kifuani kama mtoto anayetaka kukimbilia barabarani. “Msizime!” akawaambia wenzake, huku machozi yanamtoka. “Msizime, wajameni, aseme ukweli!” Nyuma ya ukuta wa kituo tulimsikia Lokwawi akiimba, si wimbo wa kuwasha wala wa mafuta, bali ule wa kumtia fahali moyo akivuka mto. Taa zikashika. Zikawa njano, zikawa nyekundu kama kaa, lakini zikashika, mpaka friza zikatulia moja baada ya nyingine, na Injinia akapata mstari wake. Ndipo bomba la mafuta la Mzee likapasuka, na mji ukawa giza na kimya. Lokwawi akatoka langoni amelowa mafuta. “Amesema yote,” akatuambia.

Simu ya Nairobi niliisikia nikiwa naosha vyombo. “Najua matokeo hayafanani na ya kwanza, mkuu. Ya kwanza yalikuwa adabu. Haya ni mahitaji.” Akasikiliza kidogo. “Basi njoo wewe unywe soda yao.” Hakuandika dogo. Kikao kilimbana, na baadaye vikao vingine vikambana, na mkubwa wake akampa kazi za ofisini kwa muda mrefu kama adhabu, lakini mpango ulipita ukiwa na ukubwa aliouandika, na maneno yale ya kumtengeneza Mzee na kumweka akiba yalibaki ndani. Ujenzi ulichukua miaka ambayo sitaki kuihesabu. Kakuma nao walipata sehemu yao, na Mama Nyandeng, nasikia, bado anapiga kelele, maana tabia njema haiachwi. Mimi nimeishi maisha yangu mahali pamoja, nikawaona wahandisi wengi wakila na kuondoka, na sijapata kuona tena mtu aliyesafiri mbali hivyo ili ajue kitu ambacho watu wanakihitaji na wanaona haya kukisema. Mimi nilidhani kupanga ni kuchora. Alinionyesha kwamba kupanga ni kumfikiria mtu ambaye bado hajachomeka waya.

Basi nilipata kiatu, nikatoka. Injinia Nekesa alikuwa amesimama kando ya barabara, nywele nyeupe, amenenepa vizuri, ameshika soda. Mzee Lokwawi tulimzika miaka michache iliyopita, kwa hiyo koti lake lilivaliwa na binti yake, ambaye sasa ndiye fundi wa zamu huko kwenye betri. “Ulitoka,” Injinia aliniambia. “Mgongo umekubali,” nikajibu. Trela likatoka langoni polepole, Mzee akiwa juu yake amefungwa minyororo, mweusi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, bila sauti. Mpaka leo sijazoea kumwona akiwa kimya na mji una stima. Likapita mbele ya maduka. Na hapo nikamwona Mama Akiru, amezeeka, anatembelea fimbo, akisogea ndani ya duka lake. Akanyoosha mkono. Akazima friza.

Jirani yake akaona, akazima. Kinyozi akazima mashine. Feni zikasimama. Redio zikanyamaza, duka baada ya duka, zikilifuata trela kwa mwendo wake ule ule, mpaka barabara nzima ikawa kimya mchana wa saa sita, watu wamesimama milangoni na vidole vikiwa bado kwenye swichi. Binti ya Lokwawi alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Na simu yake ikalia mfukoni. Walikuwa ni wenzake kituoni, wakiuliza mji umepatwa na nini, mstari umeanguka ghafla.

Injinia Nekesa aliangalia maduka yale yaliyozimwa, akaiangalia soda yake, akapangusa macho kwa mkono wa gauni. “Ona,” akaniambia. “Mmeniharibia vipimo tena.”